Kuanza kuchora data za biashara: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya yametoka kwa wauza jumla, wenye maduka mawili matatu, wenye famasi, na wahasibu wanaowafanyia kazi. Wengi hufika na kilio kimoja: data ipo, tena nyingi, ila mwisho wa mwezi haisemi kitu. Majibu yanahusu programu tatu zinazotumika zaidi, yaani Power BI, Tableau na Looker Studio, na Excel ambayo karibu kila mtu anayo tayari.

Programu hizi zinafanya nini ambacho Excel yangu haifanyi?

Kwa siku za kwanza, pengine hakuna. Excel ina chati nzuri, ina PivotTable (jedwali linalojumlisha data kwa makundi), na karatasi yake moja inabeba mistari 1,048,576, ambayo duka la kawaida halitaijaza kwa miaka. Anayekwambia uhame Excel kwa sababu imepitwa na wakati anakuuzia kitu.

Tofauti inaonekana kazi inapojirudia. Ukijikuta kila Jumatatu unanakili faili, unafuta mistari mitatu ya juu, unarekebisha tarehe, kisha unachora tena chati ile ile ya wiki iliyopita, umefika mahali pa kuhama. Programu ya kuchora data hukumbuka hatua zote hizo. Wiki ijayo unaweka faili jipya kwenye folda, unabofya kitufe kimoja, chati zinajisasisha. Jambo la pili ni kuchuja: bosi akiuliza "na tawi la Mwanza peke yake je?", unabofya Mwanza na chati zote kwenye ukurasa zinafuata, bila wewe kuahidi kuleta jibu kesho.

Jumla na wastani havitoshi? Kuna haja gani ya picha?

Mwaka 1973 mtakwimu Francis Anscombe alitengeneza majedwali manne madogo, kila moja lina jozi 11 za nambari. Wastani wa majedwali yote ni ule ule, 9 kwa upande mmoja na 7.5 kwa upande wa pili, na hata uhusiano kati ya pande hizo mbili unatoka sawa. Ukiyachora, moja ni mstari uliotawanyika kidogo, la pili ni upinde, la tatu ni mstari ulionyooka wenye nukta moja iliyotoroka, na la nne nukta zimesimama wima isipokuwa moja iliyo mbali.

Kwa lugha ya dukani: matawi mawili yanaweza kuwa na wastani sawa wa mauzo kwa siku, moja likiuza kiasi kile kile kila siku, jingine likilala siku 25 na kufufuka mishahara ikitoka. Hayo si matawi yanayohitaji stoo ya aina moja.

Nianze na ipi kati ya hizo tatu?

Angalia vitu viwili: kompyuta uliyonayo, na jinsi watu watakavyoiona kazi yako.

Power BI ni ya Microsoft, ilitoka rasmi Julai 2015. Power BI Desktop, sehemu ya kutengenezea, unaipakua bure na kuifanyia kazi bila intaneti, ila ni ya Windows tu. Mwenye Mac hana njia rahisi. Nguvu yake kubwa ni Power Query, sehemu ya kusafishia data, na kwa mtu ambaye data yake ni chafu (yaani wengi wetu) hiyo peke yake inatosha kuwa sababu ya kuichagua.

Tableau ilianzishwa mwaka 2003 na watu waliotoka Chuo Kikuu cha Stanford, na tangu 2019 inamilikiwa na Salesforce, iliyoinunua kwa dola bilioni 15.7. Chati zake ni za kupendeza, na inafanya kazi kwenye Windows na Mac. Toleo la bure linaitwa Tableau Public, na neno hilo la pili lisikupite: unachokichapisha huko kinakaa hadharani. Ni nzuri kwa kujifunza na kuonyesha kazi yako, si kwa mauzo ya kampuni.

Looker Studio ni ya Google. Ilianza mwaka 2016 kwa jina la Data Studio, ikabadilishwa jina Oktoba 2022. Iko ndani ya kivinjari, inatumia akaunti yako ya Gmail, na unamshirikisha mtu kama unavyomshirikisha waraka wa Google. Ubaya wake ni kwamba bila bando hufanyi kitu, na sehemu yake ya kusafisha data ni nyembamba.

Maoni yangu: kama una laptopu ya Windows na data iko kwenye mafaili ya Excel, anza na Power BI. Kama mauzo yanaingizwa kwenye Google Sheets na wasaidizi walio matawi tofauti, anza na Looker Studio. Tableau ifuate ukipata mwajiri anayeilipia.

Ni bure kweli, au kuna mtego mbele?

Upo, na uko kwenye kushirikiana.

Kutengeneza kwa Power BI Desktop ni bure. Lakini ukitaka wenzako waifungue mtandaoni, wachuje na kubofya wenyewe, kwa kawaida wewe na kila mtazamaji mnahitaji leseni ya Pro. Tangu Aprili 2025 bei yake ni dola 14 kwa mtu kwa mwezi. Awali ilikuwa dola 10. Watu sita ni dola 84 kila mwezi, na kwa duka la kati hiyo ni pesa ya kufikiria. Halafu kuna kikwazo ambacho huwakuta watu wakiwa wameshamaliza kazi: kujiandikisha kwenye huduma hiyo ya mtandaoni kunahitaji barua pepe ya kazini au ya chuo. Ya Gmail hukataliwa.

Njia ya mkato inayotumiwa na wengi ni kutoa ukurasa kama PDF moja kwa moja kutoka Power BI Desktop na kuutuma WhatsApp. Hakuna leseni inayohitajika. Unapoteza kubofya na kuchuja, ila bosi wengi hawakuwa na nia ya kubofya tangu mwanzo.

Looker Studio haimtozi mtazamaji. Tableau ya kulipia ni ghali zaidi: leseni ya mtengenezaji huanzia dola 75 kwa mwezi, na unalipia mwaka mzima.

Laptopu yangu ina RAM ya GB 4. Itaweza?

Itafunguka. Utakunywa chai ukisubiri. Kwa Power BI lenga GB 8 na kuendelea. Kwa Looker Studio GB 4 zinatosha kwa kuwa kazi nzito inafanyika kwa Google.

Data yangu iko kwenye daftari, kwenye taarifa za M-Pesa na kwenye ujumbe wa WhatsApp. Naanzia wapi?

Hapa ndipo kazi ilipo, na ndipo ninapoomba usiwe na haraka. Kabla ya kupakua programu yoyote, tengeneza jedwali moja lenye safu hizi: tarehe, tawi, bidhaa, kipimo, idadi, bei, punguzo, njia ya malipo. Mstari mmoja ni bidhaa moja kwenye risiti moja. Usiweke mstari wa jumla katikati, usiunganishe seli, usiache mstari mtupu kutenganisha wiki, usiwakilishe deni kwa rangi nyekundu. Rangi ni ya macho yako, programu haiioni. Kama mteja amekopa, weka safu ya "hali ya malipo" na uandike "deni".

Kisha kuna majina. "Sukari 1kg", "SUKARI KG1", "sukari kilo" na "Skari" ni bidhaa nne kwa programu. Tengeneza orodha ya bidhaa yenye namba za utambulisho, na anayeingiza data achague kutoka kwenye orodha badala ya kuandika mwenyewe. Kwenye Excel na Google Sheets utaratibu huo upo na unachukua dakika kumi kuupanga.

Vipimo navyo vina visa vyake. Msaidizi mmoja anaandika katoni 3, mwingine dazani 6, wa tatu vipande 72, na jumla inakuja 81 ya kitu kisichojulikana. Amua kipimo kimoja cha msingi kwa kila bidhaa, na uweke safu inayosema katoni ya bidhaa hiyo ina vipande vingapi.

Taarifa ya M-Pesa ikija kama PDF, Power BI inaweza kusoma majedwali yaliyo ndani yake. Ikiwa imefungwa kwa nywila, ifungue kwanza na uhifadhi nakala isiyofungwa. Jihadhari na kitu kimoja: makato huweza kuja kwenye mstari wake peke yake, na ukihesabu mistari yote kama miamala, utadhani una wateja wengi kuliko ulionao.

Daftari la karatasi? Ingiza miezi mitatu ya mwisho tu. Nimewaona watu wakianza na mwaka mzima uliopita, wakachoka wakiwa Machi, na mradi ukafia hapo.

Tarehe zangu zimevurugika. Kuna mauzo ya Desemba na sasa ni Juni!

Pole, umekutana na Wamarekani. Sisi tunaandika siku kwanza, 3/4 ni tarehe tatu Aprili. Kompyuta iliyopangwa kwa mtindo wa Marekani inasoma 4 Machi. Ubaya wake ni kwamba haigomi kwa tarehe zote. Kuanzia 13 hadi 31 inaleta kosa, kwa sababu hakuna mwezi wa 13. Kuanzia 1 hadi 12 inakubali kimyakimya na kuzigeuza.

Mimi nimewahi kusimama mbele ya wakurugenzi na chati iliyoonyesha mauzo yakishuka vibaya katika nusu ya pili ya kila mwezi. Nilikuwa nimeifuta mistari yote yenye kosa, nikidhani ni takataka. Nilikuwa nimefuta theluthi mbili za mwezi. Mkurugenzi wa fedha alitazama kwa muda, akauliza taratibu, "Kwani tarehe ishirini hatukufungua?"

Kwenye Power Query bofya kulia kichwa cha safu ya tarehe, nenda kwenye kubadilisha aina ya data, chagua Using Locale, kisha uchague Kiingereza cha Uingereza. Kwenye Google Sheets nenda mipangilio ya faili na ubadilishe nchi kabla ya kuingiza data, si baada yake.

Chati ya saa inasema tunauza sana saa nane usiku. Duka linafungwa saa mbili.

Angalia nani aliandika saa hizo. Mashine ya risiti inaandika 14:00, lakini msaidizi aliyejaza kwa mkono ameandika "saa 8" akimaanisha saa nane mchana, na mwingine ameandika 2:00 akimaanisha saa mbili asubuhi. Ukiyachanganya, nusu ya data iko nyuma kwa saa sita. Tenganisha kwanza yaliyotoka kwenye mashine na yaliyoandikwa kwa mkono, ya mkono uyabadilishe, ndipo uyaunganishe. Kama huna uhakika na mstari fulani, ni bora saa ikae tupu.

Jambo linalofanana na hilo: huduma ya mtandaoni ya Power BI inahesabu kwa saa ya dunia, UTC, ambayo iko nyuma ya yetu kwa saa tatu. Chati inayosema "mauzo ya leo" ikijisasisha kati ya saa sita na saa tisa usiku, leo yake ni jana.

Niweke kila kitu kwenye jedwali moja kubwa?

Mwanzoni, ndiyo. Ukishazoea, gawanya. Jedwali refu la katikati linakuwa la mauzo, na linabeba namba tu: tarehe, namba ya bidhaa, namba ya tawi, idadi, kiasi. Pembeni yake kuna majedwali mafupi: la bidhaa lenye jina, kundi na msambazaji, la matawi lenye mji na msimamizi, na la tarehe lenye mwezi, robo na mwaka. Kila jedwali fupi linaungana na lile refu kwa safu moja. Ukichora, linaonekana kama nyota, na ndivyo wataalamu wanavyoliita.

Faida yake utaiona siku msambazaji atakapobadilisha jina. Unarekebisha mstari mmoja badala ya elfu nne.

Nitumie chati ipi?

Kulinganisha vitu: pau. Mwenendo wa wakati: mstari. Uhusiano wa vitu viwili, kama punguzo na faida: nukta. Ukibaki na hizo tatu mwaka mzima hutapungukiwa.

Chati ya duara ina mashabiki wengi kwa sababu inafanana na chapati iliyokatwa. Mskoti William Playfair, aliyechora chati za mstari na pau za mambo ya biashara mwaka 1786, aliileta pia hiyo ya duara mwaka 1801. Lakini mwaka 1984 William Cleveland na Robert McGill waliwapima watu na kukuta kwamba jicho linalinganisha urefu kwenye mizani moja kwa usahihi zaidi kuliko linavyolinganisha pembe. Vipande viwili au vitatu, sawa. Bidhaa kumi na nne kwenye duara moja ni rangi tu.

Na pau zianzie sifuri, tafadhali. Tawi moja limeuza milioni 9.8, jingine milioni 10.1. Tofauti ni kama asilimia tatu. Ukianzisha mizani kwenye milioni 9.5, pau ya pili inaonekana ndefu mara mbili ya ya kwanza, na msimamizi wa tawi la kwanza anaitwa ofisini bila kosa. Chati ya mstari ina uhuru zaidi hapa, kwa sababu mtu anasoma mwelekeo wake.

Rangi: usitegemee nyekundu na kijani peke yake kusema mbaya na nzuri. Wapo wanaume wasiozitofautisha, na mmoja wao anaweza kuwa ndiye anayetia saini hundi.

Asilimia ya faida kwenye dashibodi (ukurasa wenye chati zangu) hailingani na ninayopata kwa kikokotoo.

Karibu kila mara ni wastani wa asilimia. Duka la kwanza limeuza shilingi 1,000,000 kwa faida ya asilimia 10, yaani 100,000. La pili limeuza 100,000 kwa faida ya asilimia 30, yaani 30,000. Programu ikichukua wastani wa 10 na 30 inakupa asilimia 20. Ukweli ni 130,000 ugawe kwa 1,100,000: asilimia 11.8.

Kwa hiyo usiingize asilimia kama safu. Ingiza mauzo na faida, kisha mwambie programu ajumlishe kwanza, agawanye baadaye. Kwenye Power BI fomula ya namna hiyo huandikwa kwa lugha iitwayo DAX, na kwa hili unahitaji mstari mmoja tu: DIVIDE ya jumla ya faida kwa jumla ya mauzo.

Miezi imejipanga Agosti, Aprili, Desemba, Februari...

Imejipanga kwa alfabeti. Ongeza safu ya namba ya mwezi, 1 hadi 12, kwenye jedwali la tarehe, kisha kwenye safu ya majina chagua Sort by Column na uonyeshe hiyo ya namba. Mara moja tu, basi.

Mauzo ya Aprili yameshuka ukilinganisha na mwaka jana. Niwe na wasiwasi?

Kabla ya wasiwasi, uliza Idi ilikuwa lini.

Swali hili nalipenda kwa sababu programu zote zina kitufe cha "linganisha na mwezi ule ule wa mwaka jana", na zote zinatumia kalenda isiyoijua Ramadhani. Mwaka 2024 Idi ilikuwa 10 Aprili. Mwaka 2025 ilikuwa 31 Machi. Muuza tende, sukari, unga wa ngano au nguo za watoto aliuza wiki yake bora zaidi ya 2024 mwanzoni mwa Aprili, na ya 2025 mwishoni mwa Machi. Akilinganisha Aprili na Aprili anaona anguko. Akilinganisha Machi na Machi anaona muujiza. Vyote viwili ni kalenda tu.

Pasaka nayo ilicheza mchezo huo huo kwa upande wa pili: 31 Machi mwaka 2024, 20 Aprili mwaka 2025. Duka lenye wateja wa dini zote mbili linaweza kuona mambo hayo yakifutana, na mwenye duka asijue kabisa kwamba wateja wake wamehama tarehe.

Dawa yake iko kwenye lile jedwali la tarehe. Ongeza safu inayoitwa "siku kabla ya Idi": siku ya Idi yenyewe ni 0, ya kuamkia ni 1, na kuendelea hadi 30. Kisha chora mauzo kwa safu hiyo badala ya tarehe, mwaka mmoja mstari mmoja. Utaona mauzo yanaanza kupanda siku ya ngapi, na hapo ndipo utajua lini mzigo uwe umeshafika stoo. Fanya hivyo pia kwa kufungua shule, kwa mavuno kama unauza vijijini, na kwa tarehe za mishahara. Hakuna programu ya Marekani itakayokupa safu hizo. Ni zako kuziweka.

Dashibodi iwe na chati ngapi?

Andika kwanza maswali ambayo mtu fulani, mwenye jina, atayauliza Jumatatu asubuhi. Mara nyingi ni matatu. Basi chati ni tatu, labda na namba mbili kubwa juu. Kila chati iwe na kichwa kinachosema jambo: "Tawi la Tanga limepita lengo kwa mara ya kwanza" kinamsaidia msomaji kuliko "Mauzo kwa Tawi".

Ijaribu kwenye simu kabla ya kuituma. Maandishi yaliyosomeka vizuri kwenye laptopu huwa mchanga kwenye skrini ya simu, na huko ndiko itakakosomwa. Angalia pia namba: Power BI hupenda kufupisha elfu kwa K na milioni kwa M. Andika "milioni za shilingi" kwenye kichwa cha chati na uondoe vifupisho.

Nitapata wapi data ya kufanyia mazoezi?

Data maarufu kuliko zote inaitwa Superstore, na huja na Tableau. Ni ya duka la kubuni la Marekani linalouza samani, vifaa vya ofisi na vyombo vya kielektroniki. Toleo la mistari 9,994 linapatikana mtandaoni kwa urahisi, na linafunguka kwenye programu yoyote.

Fanya hivi. Chora mauzo kwa aina ya bidhaa. Utaona meza ziko juu, karibu dola 207,000, na utataka kumpongeza mtu. Sasa weka rangi kwa faida. Meza zimeleta hasara ya dola 17,700 hivi. Kwa nini? Chora nukta: punguzo chini, faida wima. Punguzo likipita asilimia 20, jumla ya faida inazama chini ya sifuri. Kisha gawanya kwa jimbo, uone Texas inavyoongoza kwa hasara. Ukimaliza hatua hizo nne umefanya uchambuzi wa biashara kamili, na umejifunza kwa nini muuzaji anayesifiwa kwa mauzo makubwa aulizwe kwanza amepunguza bei kiasi gani.

Ukitaka kitu cha nyumbani, tumia sensa. Tanzania ilihesabu watu 61,741,120 mwaka 2022 kutoka 44,928,923 mwaka 2012, na takwimu za mikoa zimechapishwa. Kenya ilihesabu 47,564,296 mwaka 2019. Mikoa na kaunti zinakufundisha ramani, na pia zinakufundisha kwamba mkoa mkubwa kwa eneo hutawala ramani hata kama watu wake ni wachache.

Kuna hatari gani kwa taarifa za wateja wangu?

Mbili zinajirudia.

Ya kwanza: Power BI ina chaguo la Publish to web. Linatoa kiungo kizuri kisichohitaji leseni, na watu hulifurahia mpaka waelewe kwamba mtu yeyote duniani mwenye kiungo hicho anaiona kazi yako, bila nywila. Usilitumie kwa data ya kampuni.

Ya pili: kuficha safu si kuifuta. Ukituma faili la Power BI lenyewe, data yote iliyopakiwa ndani inakwenda nalo, pamoja na namba za simu za wateja ulizozificha kwenye ukurasa. Ziondoe kwenye Power Query kabla hazijapakiwa. Kwa chati ya mauzo huhitaji jina wala simu; namba ya mteja inatosha.

Kenya na Uganda zina sheria za ulinzi wa taarifa binafsi tangu 2019, Rwanda tangu 2021, Tanzania tangu 2022. Duka dogo nalo linashika taarifa binafsi.

Si niiachie akili mnemba ichore?

Iachie kuandika fomula, inaweza. Iachie kuchora, inaweza pia. Haijui kwamba tawi la Morogoro lilifungwa wiki mbili kwa ukarabati, wala kwamba "Skari" ni sukari.

Itanichukua muda gani, na je, nitafute cheti?

Chati ya kwanza utaipata mchana mmoja. Dashibodi unayoweza kuitetea mbele ya mhasibu, mwezi au miwili ukitumia data yako mwenyewe. Cheti cha Microsoft kwa Power BI ni mtihani PL-300, na una faida kwa anayetafuta ajira. Mwenye duka hauhitaji.

Dashibodi inasema kitu kimoja, mhasibu anasema kingine. Nani yuko sahihi?

Mara nyingi wote wawili, kila mmoja kwa swali lake.

Anza na VAT. Mauzo ya 1,180,000 yenye VAT ya kiwango cha kawaida cha Tanzania Bara, asilimia 18, ni 1,000,000 bila VAT. Kenya ni asilimia 16. Kama mashine ya risiti inatoa kiasi chenye kodi na vitabu vinaandika bila kodi, tofauti hiyo itajirudia kila mwezi kwa uwiano ule ule, na uwiano huo ndio utakaokuonyesha chanzo.

Kisha tarehe: wewe unahesabu siku ya ankara, yeye siku pesa ilipoingia. Mteja aliyechukua mzigo 29 Juni akalipa 6 Julai yuko mwaka tofauti wa fedha kwa anayefunga vitabu Juni. Halafu mizigo iliyorudishwa: wewe umeifuta, yeye ameiandika kama mauzo hasi ya mwezi uliofuata.

Chukueni siku moja tu, siku yenye risiti chache, mkae meza moja mzihesabu kwa mkono risiti baada ya risiti mpaka mjue tofauti inatoka wapi. Mkikubaliana, andika chini ya kila chati, kwa herufi ndogo: "Bila VAT, kwa tarehe ya ankara, mizigo iliyorudishwa imetolewa."